Je, Mwani Unaweza Kusafisha Maji Yetu? Somo kwa Watumiaji wa Maji wa Masieda na Maeneo Jirani



Maji ya kunywa ni bidhaa ambayo mtu hawezi kuikagua kwa macho. Unga ukiingia wadudu utawaona, na maziwa yakiharibika utayajua kwa harufu. Maji, kwa upande wao, yanaweza kuwa maangavu, yasiwe na harufu wala ladha mbaya, na bado yakabeba kitu kinachodhuru mwili polepole kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, kila anayekunywa maji hulazimika kutegemea neno la mtu mwingine: neno la maabara, la mtoa huduma ya maji, au la muuzaji wa dawa na vifaa vya kusafishia. Somo hili linahusu namna ya kulipima neno hilo kabla ya kulilipia.

Tumechagua mfano wa mwani, yaani majani ya baharini. Ni kweli iliyothibitishwa kuwa mwani unaweza kunasa metali nzito zilizoyeyuka katika maji. Hata hivyo, jambo la kweli likitolewa mahali pake na kupelekwa pasipo pake, huweza kumpotosha msikilizaji kama uongo. Tuseme siku ya mnada anafika mfanyabiashara na vifurushi vya unga wa mwani, akitangaza kuwa unga huo “unaondoa madini katika maji”, na kwamba wataalamu wameuthibitisha. Mzazi ambaye meno ya mtoto wake yameanza kuwa na madoa ya kahawia atasimama kumsikiliza, na ana haki ya kusimama. Anunue au asinunue?

Baada ya kulisoma somo hili tunatarajia kuwa utaweza kueleza namna mwani unavyonasa metali, kutofautisha metali nzito na floraidi, na kujua hatua za kuchukua ili familia yako ipate maji yaliyo salama zaidi.

1. Mwani hunasaje metali?

Mwani unafahamika vizuri katika pwani yetu. Kilimo chake cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Leo mwani hulimwa pia Pemba na katika mikoa ya pwani ya Tanzania Bara, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina zinazolimwa ni mwani mwekundu, ambao hutolewa utomvu wa kugandisha vyakula na dawa ya meno. Katika miamba ya bahari yetu huota pia mwani wa kahawia, ambao haulimwi kwa wingi lakini ndio uliowavutia zaidi wanasayansi wa maji.

Kuta za seli za mwani wa kahawia zina utomvu uitwao alginati, ambao katika baadhi ya aina huweza kufikia asilimia 40 ya uzito wa mwani mkavu. Alginati ina sehemu nyingi ndogondogo zenye chaji hasi ya umeme. Metali nyingi zilizoyeyuka katika maji, kama vile risasi, kadimiamu, shaba na zinki, huwa na chaji chanya. Chaji hizi mbili huvutana, na metali hubaki imeshikwa kwenye mwani.

Mfano wa zizi unaweza kutusaidia. Fikiria zizi lenye vigingi vya kufungia ndama. Mwani unapotoka baharini, vigingi vyake tayari vimefungiwa kalsiamu, sodiamu, potasiamu na magnesiamu, ambazo ni chumvi za kawaida za bahari. Mwani ukitiwa katika maji yenye risasi, risasi hushika kigingi kwa nguvu zaidi, na chumvi ile hufunguliwa na kuingia majini. Kwa hiyo mwani haumezi metali: hubadilishana nayo. Ndiyo maana hata mwani mkavu, uliokwisha kufa, hufanya kazi hiyo.

Katika miaka ya 1990, Bohumil Volesky wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa gramu moja ya baadhi ya aina za mwani wa kahawia huweza kushika zaidi ya miligramu 100 za kadimiamu. Hicho ni kiasi kikubwa, na tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamelifuatilia jambo hili. Basi, mtu akikuambia kuwa mwani hunasa metali nzito, amesema kweli. Linalobaki ni kuuliza: katika maji gani, kwa utaratibu gani, na chini ya usimamizi wa nani?

2. Mahali ambapo mwani unafaa

Njia hii inafaa hasa kwa maji machafu ya viwandani, kabla hayajaachiwa mtoni au baharini. Kiwanda cha kupaka metali rangi au cha betri hujua ni metali gani imo katika maji yake na kwa kiasi gani. Mwani huoshwa, huandaliwa kwa kemikali ili usioze wala usimomonyoke, kisha hupangwa ndani ya mtungi mrefu ambao maji hupitishwa taratibu. Mtaalamu hupima maji yanayotoka. Yakianza kutoka na metali, anajua vigingi vimejaa. Mwani ule huoshwa kwa asidi hafifu ili kuachia metali na kutumika tena, na asidi hiyo iliyojaa metali hushughulikiwa kama taka ya sumu.

Tunapoeleza haya tunakumbuka kuwa uchafuzi wa metali si jambo la nchi za mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha risasi katika hewa, udongo na maji ya wakazi. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania haki yao kwa miaka mingi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua kuwa wakazi hao walipwe fidia. Hapa nchini, mwaka 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yaliingia katika Mto Tigithe, wilayani Tarime. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama Geita na Chunya, zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huweza kufika mitoni.

Katika matukio ya namna hiyo, kinga ya kwanza huwa ni kuzuia sumu isitoke inakozalishwa. Mwani, au kichujio kingine chochote, hufaa uwekwe pale pale kwenye chanzo cha uchafu, chini ya mtu anayewajibika kisheria. Mzigo huo haupaswi kuhamishiwa kwenye ndoo ya mwananchi.

3. Kwa nini mwani si dawa ya ndoo ya nyumbani

Zipo sababu tano ambazo kila mtumiaji anaweza kuzielewa.

Kwanza, mwani hushiba bila kutoa dalili. Vigingi vikijaa, maji yatapita na metali zake, nayo yataonekana safi kama ya jana. Bila kipimo cha maabara huwezi kujua siku ambayo unga wako uliacha kufanya kazi.

Pili, maji ya visima vingi ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Utayatambua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ukoko mweupe unaobaki ndani ya sufuria. Kalsiamu hiyo nayo hugombea vigingi, na nguvu ya mwani hupungua. Kiasi kilichopimwa katika maji yaliyoandaliwa maabara hakiwezi kuchukuliwa kuwa ndicho kitakachopatikana katika kisima chako.

Tatu, kiwango cha asidi hubadilisha kila kitu. Katika maji yenye asidi kali, kama yale yanayotoka migodini, asidi yenyewe huvikalia vigingi, na metali hubaki zikielea huru.

Nne, mwani ambao haukuandaliwa huweza kuongeza vitu majini: chumvi, iodini, rangi na mabaki yanayooza na kulisha vijidudu. Isitoshe, kwa kuwa mwani hunasa vitu katika maji uliyoota, baadhi ya aina hufika kwa mlaji zikiwa na sumu tayari. Mwaka 2004 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliwashauri wananchi wake wasile mwani wa hijiki, unaoliwa Japani, kwa sababu ulikutwa na aseniki nyingi. Hatusemi kuwa mwani wote ni hatari, wala kwamba mwani unaolimwa Zanzibar una kasoro hiyo. Tunasema kuwa unga usiojulikana umeota bahari gani haupaswi kutiwa katika maji ya mtoto.

Tano, mwani uliofanya kazi yake vizuri umegeuka kuwa taka yenye sumu. Utautupa wapi? Ukiumwaga nje, ng'ombe na mbuzi, ambao hupenda kulamba chumvi, wataufuata. Sumu iliyotolewa katika maji itarudi nyumbani kupitia maziwa na nyama.

4. “Madini” gani? Swali la msingi kwa Masieda

Sasa tufike katika jambo linalowahusu zaidi wasomaji wetu wa Masieda, wa kata nyingine za Mbulu na wa Hanang. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema “maji haya yana madini”. Neno hilo moja hubeba mambo matatu yaliyo tofauti kabisa: chumvi inayoyafanya maji yawe na ukakasi, metali nzito kama risasi, na floraidi inayobadilisha rangi ya meno. Muuzaji akisema unga wake “unaondoa madini”, yeye huenda anazungumzia risasi, na mzazi anayemsikiliza anafikiria meno ya mwanawe. Wote wawili wametumia neno lile lile, na hakuna aliyesema uongo, lakini fedha imetoka mfukoni kwa kitu kisichotibu tatizo.

Mkoa wa Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye tatizo la floraidi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga. Chanzo chake katika ukanda huu ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Mlima Hanang wenyewe ni volkano iliyolala. Maji yanapopita katika miamba hiyo kwa muda mrefu huyeyusha floraidi na kuibeba hadi kisimani. Hakuna kiwanda wala mtu aliyeyachafua.

Floraidi si metali, na majini huwa na chaji hasi. Tukumbuke kuwa vigingi vya mwani navyo vina chaji hasi. Chaji mbili za namna moja husukumana. Kwa hiyo unga wa mwani wa kawaida hautaondoa floraidi katika maji, hata ukitiwa kilo nzima. Jambo hilo hilo husababisha mwani ushindwe kunasa vizuri aseniki, ambayo katika maji huwa mara nyingi na chaji hasi au haina chaji kabisa.

Kuchemsha hakusaidii pia. Kuchemsha huua vijidudu, na tunaendelea kukuhimiza uchemshe maji kwa ajili hiyo. Lakini floraidi na metali haziungui wala haziruki na mvuke. Maji yakipungua kwa kuchemka sana, kiasi kilichobaki ndani yake huwa kikali zaidi kuliko awali.

5. Floraidi hufanya nini mwilini, na kikomo chake ni kipi?

Shirika la Afya Duniani limependekeza kuwa maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na kiwango cha Tanzania cha maji ya kunywa, TZS 789 cha mwaka 2018, kimeweka kikomo hicho hicho. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na kiwango cha muda kilichoruhusu hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa haba. Baadaye kikomo kilishushwa hadi 4. Fundisho lake kwa mtumiaji ni hili: kisima kilichopimwa zamani na kuandikiwa “yanafaa” huenda kilipimwa kwa kikomo cha zamani. Usiridhike na neno “yanafaa”. Omba uonyeshwe namba na tarehe.

Floraidi ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na huweza kuwa dhaifu. Madhara hayo hutokea jino linapojengwa ndani ya fizi, hasa kabla ya umri wa miaka 8. Baada ya hapo madoa hayaondoki kwa dawa ya meno wala kwa mswaki. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa na kuuma, na baadhi ya watoto hupinda miguu. Hayo hayatokani na kurogwa, hayaambukizi, wala si kosa la mzazi. Hakuna sababu ya kumcheka mtoto kwa meno yake wala kumficha aliyepinda miguu.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni muhimu: kama maji salama ni machache, yapewe kwanza watoto walio chini ya miaka 8. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hivyo kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee katika miezi 6 ya mwanzo humkinga pia dhidi ya tatizo hili.

6. Hatua unazoweza kuchukua

Anza na kipimo. Visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo matokeo ya kisima cha jirani si matokeo yako. Zungumza na chombo cha watumiaji maji cha kijiji chenu au ofisi ya wilaya ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, uombe matokeo ya chanzo mnachotumia. Kama hakijapimwa karibuni, andikeni ombi la pamoja kupitia serikali ya kijiji ili sampuli ipelekwe katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Ulizeni kwanza maabara namna ya kuchukua sampuli: ya floraidi hutiwa katika chupa safi ya plastiki, na ya metali huhitaji chupa iliyoandaliwa maalumu.

Kinga maji ya mvua. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo mno. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40 ikipata mvua ya milimita 10 itatoa lita 400, ukiacha zinazopotea. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupika, huhitaji lita 25. Kwa kiangazi cha siku 150 hizo ni lita 3,750. Maji ya kufulia na kuogea yanaweza kuendelea kutoka kisimani. Yaache maji ya mvua ya kwanza yaoshe bati yapite, funika tangi, usitumie bati lililopakwa rangi yenye risasi, na uyatibu maji kwa kuchemsha au kwa dawa ya klorini kabla ya kunywa.

Changanya kwa hesabu. Kama kisima chako kina miligramu 3 za floraidi kwa lita, ndoo moja ya maji hayo ikichanganywa na ndoo moja ya maji ya mvua hutoa maji yenye takriban miligramu 1.5 kwa lita. Tangi lako litadumu mara mbili zaidi. Kama kisima kina miligramu 6, utahitaji ndoo tatu za mvua kwa ndoo moja ya kisima. Hesabu hii haiwezekani bila kuijua namba ya kisima, ndiyo maana tumeanza na kipimo.

Angalia magadi na vyombo. Magadi ya kulainishia maharage au makande, yanayotoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, huweza kuwa na floraidi nyingi sana. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Usihifadhi maji katika dumu lililowahi kubeba dawa ya kilimo, mafuta ya mitambo au asidi ya betri, hata likioshwa mara ngapi. Betri chakavu za umeme wa jua zina risasi. Usizivunje uani wala karibu na kisima.

Ifahamu njia ya mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji katika Wilaya ya Arumeru, kimetumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto linalodhibitiwa na kusagwa chengachenga. Madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo katika mfupa hunasa floraidi kwa sababu ile ile inayoifanya mifupa yetu iihifadhi. Kwa wafugaji wa Mbulu na Hanang, malighafi ya njia hii iko karibu kuliko mwani, ambao uko mamia ya kilomita kutoka hapa. Hata hivyo, usichome mifupa mwenyewe nyumbani ukaitia majini. Ikichomwa kidogo hutoa harufu na ladha mbaya, na ikichomwa kupita kiasi hupoteza nguvu. Mkaa huo nao hushiba, kwa hiyo lazima upimwe na kubadilishwa. Jamii nzima, kwa mfano shule au zahanati, ndiyo inayoweza kuusimamia vizuri kwa msaada wa wataalamu.

7. Muuzaji akija: maswali matano

Tunarudi kwa mzazi wetu aliyesimama mnadani. Kabla ya kutoa fedha kwa unga, jiwe, mtungi au kichujio chochote, na aulize:

a) Unaondoa madini gani? Ataje jina: risasi, zebaki, floraidi, chumvi au vijidudu. Jibu la “yote” halitoshi.

b) Nani amepima, katika maji ya wapi, na namba kabla na baada ya kutumia zilikuwa ngapi? Aonyeshe cheti cha maabara chenye tarehe.

c) Hufanya kazi kwa lita ngapi kabla ya kushiba, nami nitajuaje kuwa umeshiba?

d) Mabaki yake nitayatupa wapi?

e) Nani ameutengeneza, una alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na nikipata hasara nimrudie nani?

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Asipoweza kuyajibu, sema asante na uendelee na safari yako. Kama umekwisha kununua, hifadhi risiti, kifungashio na sehemu ya bidhaa, kisha utoe taarifa kwa afisa biashara au afisa afya wa halmashauri yako, TBS, au Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa. Usione haya kulalamika kwa sababu kiasi ulicholipa ni kidogo. Hasara kubwa ya bidhaa ya namna hii ni miaka ambayo mtoto ataendelea kunywa maji yale yale huku wazazi wakiamini kuwa yamesafishwa.

8. Muhtasari

Mwani hunasa metali nzito zenye chaji chanya, na una nafasi yake katika kusafisha maji machafu ya viwandani chini ya usimamizi wa wataalamu. Mwani wa kawaida hauondoi floraidi, ambayo ndiyo tatizo linalojulikana zaidi katika ukanda wa Masieda. Kuchemsha huua vijidudu tu. Kipimo cha chanzo, maji ya mvua, kuchanganya kwa hesabu, na kuwapa watoto wadogo maji salama kwanza ni hatua ambazo familia inaweza kuzianza sasa.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika mkutano wa kijiji

1. Chanzo chetu kikuu cha maji kilipimwa lini, na floraidi yake ilikuwa miligramu ngapi kwa lita?

2. Bati za shule yetu zina ukubwa gani, na zingeweza kukinga lita ngapi kwa mvua ya milimita 10?

3. Tukiwa na ndoo moja tu ya maji ya mvua leo, nani katika nyumba hii ayanywe?

Kama hakuna anayeweza kujibu swali la kwanza, hilo liwe ajenda ya mkutano ujao.